UZI: Kuongoza vichekesho na tamthilia za televisheni hapa Lubumbashi, kuanzia sinario (maandishi ya mchezo) mpaka montaji (kukata na kuunganisha picha)

Kijana wa Ruashi

Jambo yenu bayaya (kaka na dada wakubwa) wote, na mama zetu wa sauti na mavazi. Naomba huu uzi ukae wa kazi tupu.

Hali iko hivi. Kundi lina wachezaji sita, wote wametoka kwenye sketi (michezo mifupi ya kuchekesha) za jukwaani, wanacheza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Televisheni moja ya hapa mjini inataka episodi 13 za dakika 26. Nusu ni vichekesho vya lupango (uani kwa nyumba), nusu ni tamthilia ya familia: mume amekufa, ndugu zake wanakuja kidogokidogo kuchukua nyumba ya mjane. Vifaa: kamera mbili, moja nzuri na moja ya kawaida, maikro mbili za kubandika, pershi moja (fimbo ndefu ya kushikia maikro), taa tatu za LED.

Maswali ni mawili. Realizateri (anayeongoza kazi) aanzie wapi? Na mtu aliyezoea kuongoza sketi anavukaje mpaka kwenye tamthilia bila kuua vichekesho?

Fundi wa Kamalondo

Mdogo wangu, anzia kwenye saa. Kamera baadaye.

Episodi 13 mara dakika 26 ni dakika 338. Timu ndogo ikitoa dakika 5 safi kwa siku, hiyo ni kazi ya kweli. 338 gawanya kwa 5, unapata siku 68 za kupiga picha. Hiyo namba iwekwe mezani kabla ya mazungumzo ya pesa. Miradi mingi inakufa kwenye episodi ya nne kwa sababu mtu aliahidi dakika 12 kwa siku. Wiki ya kwanza anazipata, wiki ya pili wachezaji wamechoka, wiki ya tatu anaanza kukubali plani mbovu, yaani vipande vya picha vilivyopigwa vibaya.

Watu wanasema ukurasa mmoja wa sinario ni dakika moja. Kwa vichekesho vyetu hesabu hiyo inadanganya, maana wachezaji wanakatana maneno: kurasa 26 zinaweza kuisha kwa dakika 19. Sini (tukio) ya mjane nayo, kurasa mbili zinaweza kula dakika nne. Kaeni wote, someni kwa sauti, saa ikiwa mkononi, na uandike sekunde pembeni mwa kila sini. Ukifika siku ya kupiga bila hizo sekunde utapungukiwa, kisha utajaza na magari yanayopita barabarani.

Usipige kwa mpangilio wa episodi. Piga kwa mahali. Chukua episodi nne, toa sini zote za lupango, kisha zote za sebuleni, kisha zote za dukani. Kila kuhama kunakula saa moja na nusu mpaka mbili: kufunga taa, kubeba, kufungua, kungoja jirani azime redio. Ukihama mara mbili kwa siku umepoteza nusu ya mchana.

Majira nayo yana neno lake. Novemba mpaka Machi mvua ni ya kila siku au karibu. Mei mpaka Septemba ni kiangazi, ndio wakati wa kupiga nje. Lakini Juni na Julai asubuhi ni baridi kabisa, mchezaji wa shati jepesi atatetemeka na maneno yatatoka yamebana. Mwekee koti mpaka sekunde ya klapu (kibao kinachogongwa plani ikianza). Septemba anga linakuwa jeupe kwa moshi wa kuchoma majani na vumbi, kwa hiyo plani ya Julai na plani ya Septemba haziungani. Chunga pia jakaranda. Ikiwa mti uko nyuma ya mchezaji na umejaa maua ya zambarau, ile sini uimalize yote wiki hiyo, maana mwezi unaofuata maua yatakuwa chini.

Ruhusa: barua kwa burgumestri (mkuu) wa komuni, nakala kwa shefu wa kartie (mtaa), zikiwa na tarehe, saa na idadi ya watu. Tembea na nakala tatu. Kamera isielekee kambi wala majengo ya serikali.

Skripti wa Katuba

Kabla hatujaendelea, tuwekane sawa kwa maneno, maana kuna wasomaji wa Dar na Nairobi humu. Kwao skripti ni karatasi. Kwetu karatasi ni sinario, na skripti ni mtu, yule anayekaa karibu na realizateri akishika kumbukumbu ya kila plani. Ukiwa na pesa ya kumlipa mtu mmoja tu zaidi, mlipe huyo.

Kazi yake kwa kila plani: namba ya sini, namba ya plani, mara ngapi imerudiwa, ipi nzuri na kwa nini, lenzi ipi, sekunde ngapi, mchezaji ameshika nini na kwa mkono gani, kwenye neno gani. Picha ya simu kabla ya klapu ya kwanza na baada ya plani ya mwisho.

Nieleze sini moja tu, ile inayowashinda wengi: familia inakula bukari (ugali). Bukari ikitoka jikoni inang'aa na inatoa mvuke. Baada ya dakika kumi mvuke umekwisha na ngozi kavu imefunika juu. Plani pana ulipiga bukari ikiwa moto, plani ya karibu unaipiga saa moja baadaye, mtazamaji anaona chakula cha jana. Dawa: pika mara tatu kwa sini moja, na unga uwe umepimwa kwa kikombe kilekile ili ukubwa usibadilike. Kabla ya kila plani paka maji kidogo juu kwa mgongo wa mwiko, kung'aa kunarudi. Mvuke usiufukuze. Andika sini ianze wameshakula nusu.

Kisha tonge. Mchezaji asimege tonge kubwa, maana atalazimika kusema akitafuna na atarudia mara nane. Tonge la ukubwa wa kidole gumba, analichovya kwenye sombe (kisamvu), analipeleka mdomoni kwenye neno lilelile kila mara. Ukibadilisha neno, montaji haiwezi kuunganisha mkono na mdomo. Na kipimo cha munkoyo (kinywaji cha mahindi) kwenye glasi: bandika kipande kidogo cha karatasi nyuma ya glasi, upande usioonekana, mwenye kujaza ajaze mpaka hapo.

Kikwembe (kitenge) cha mjane pia. Fundo liko kushoto au kulia? Piga picha.

Mama Pershi

Wanangu, picha ikiwa mbaya mtu anavumilia. Sauti ikiwa mbaya anabadilisha kituo. Kwa vichekesho ni mara mbili, maana kichekesho kinakaa kwenye silabi ya mwisho, na silabi ya mwisho ndiyo mchezaji anaiangusha.

Pershi ndiyo sauti ya kwanza, maikro za kubandika ni akiba. Maikro ya pershi ikae sentimita 40 mpaka 60 juu ya kichwa, ikielekea kifuani, si mdomoni. Plani ikiwa pana mno kwa pershi, hapo tumia za kubandika. Zibandikwe kwenye ngozi au ndani ya nguo kwa plasta, na waya uwe na kitanzi kidogo, ili nguo ikivuta isivute kichwa cha maikro. Nguo ya naileni inachakacha. Mwambie mtu wa mavazi mapema.

Mipangilio: kHz 48, biti 24, vilele vya sauti vifike karibu na -12 dB. Wachezaji wa jukwaani wananong'ona halafu wanapiga kelele. Pima kwa ile kelele, si kwa mnong'ono. Sauti iliyopasuka haitengenezeki.

Mambo yanayoharibu sauti hapa kwetu nayajua kwa majina. Friji: izime, na ufunguo wa gari la mwenye nyumba uuweke ndani ya friji hiyo, ili asiondoke bila kuiwasha tena. Kuku wa jirani. Pikipiki. Redio ya dukani. Kanisa, na hapo muulize mchungaji ratiba yake kabla hujapanga yako.

Mvua juu ya manjanja (bati) haina dawa. Hata maikro ya bei gani, mvua kwenye bati ni ukuta wa kelele. Weka kila siku sini moja ya akiba isiyo na maneno, mikono inakunja nguo, mtu anahesabu pesa, mtoto analala, na mvua ikija unapiga hiyo.

Umeme ukikatika, grupu (jenereta) iwe mita 50 nyuma ya ukuta, waya wa milimita 2.5 za mraba, usiwe mwembamba, la sivyo unapata joto na taa zinashuka nguvu. Kila mahali pa kupiga, kabla ya kuondoka, rekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali hapo, watu wote wakiwa wamesimama bila kutikisika. Bila hizo, kila mkato kwenye montaji utasikika kama shimo.

Na wakikatana maneno? Plani pana waache wakatane. Plani ya karibu kila mmoja aseme peke yake, mwenzake angoje nusu sekunde. Kukatana kutatengenezwa kwenye montaji.

Kijana wa Ruashi

Aksanti sana mama. Swali lingine: wachezaji hawa hawajawahi kushika sinario iliyoandikwa. Ukiwapa karatasi wanakuwa kama wanafunzi wanaosoma darasani.

Mzee wa Mchezo

Hapo umegusa urithi wa huu mji, na naomba watu wausome kwa heshima.

Kundi la Mufwankolo lilijenga mchezo wa Kiswahili cha Lubumbashi redioni na kwenye televisheni bila kuandika maneno ya wachezaji. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuata kazi yao hatua kwa hatua mwaka 1986, na kitabu chake kikatoka 1990. Anaonyesha jinsi msemo mmoja kuhusu madaraka ulivyozaa mchezo mzima: kwanza mjadala juu ya maana ya msemo, kisha mpango wa sini, kisha kugawa nafasi, kisha mazoezi ambamo maneno yanapatikana kinywani, mwishowe kurekodi kwa ajili ya televisheni. Anayesema hawakuwa na sinario hajatazama vizuri. Walikuwa na mpango mkali. Kilichokosekana ni karatasi ya maneno tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwa kila sini andika mistari mitano au sita, si zaidi: nani anaingia, anataka nini, nani anamzuia, kinabadilika nini, anatoka vipi. Fanyeni mara tatu. Mara ya tatu rekodi kwa simu. Usiku mtu mmoja aandike maneno yote kama yalivyotoka, realizateri akate theluthi moja. Kesho yake hiyo ndiyo sinario, na maneno yanakuwa tayari ni ya wachezaji wenyewe.

Usiwasahihishe lugha. Mtoto akiuliza "Baba iko wapi?", ibaki hivyo. Ukimwambia aseme "yuko", umeleta mtangazaji wa redio ndani ya lupango. Kifaransa nacho ni mali ya realizateri: angalia nani anamsemesha nani kwa Kifaransa. Shemeji anayekuja kuchukua nyumba ataanza kwa Kiswahili cha upole, na siku analeta karatasi ya notari atahamia Kifaransa. Hapo mtazamaji ameelewa bila muziki wowote.

Skripti wa Katuba

Mzee, naheshimu, lakini naongeza sharti. Maneno yakishaandikwa usiku ule, yafungwe. Mchezaji akibuni sentensi mpya kwenye kila plani, plani tano zinakuwa sini tano tofauti na hakuna mbili zinazoungana. Kubuni kuwe kwenye mazoezi, na kwenye plani moja ya mwisho, ile ya bure, baada ya kupata zote zinazohitajika.

Mzee wa Mchezo

Nakubali. Plani ya bure moja, na kamera zote mbili ziwashwe, moja kwa anayesema na moja kwa anayesikia. Kicheko cha kweli cha mwenzake hakirudi mara ya pili.

Montaji ya Usiku

Naingia kwenye swali la pili, kuvuka kutoka vichekesho kwenda tamthilia. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho.

Sini: mjane anafagia lupango. Shemeji anaingia getini, godoro kichwani, anasema amepita tu kusalimia. Mjane anasema: "Karibu, shemeji. Na hii godoro, nayo imekuja kusalimia?"

Kichekesho hicho kinaharibiwa kwa njia nne, na zote nimeziona kwenye faili zinazoletwa kukatwa. Ya kwanza, realizateri anapiga shemeji kwa karibu akiingia, kwa hiyo godoro halionekani. Kichekesho kiko kwenye mwili mzima, kwa hiyo plani iwe pana, miguu mpaka godoro, kamera imetulia juu ya miguu yake mitatu. Ya pili, kamera inatembea wakati neno linasemwa, jicho la mtazamaji linafuata kamera na sikio linapitwa. Ya tatu, mkato unakuja kabla ya silabi ya mwisho ya "kusalimia". Acha neno liishe, ongeza fremu 6 mpaka 10 (kwa televisheni yetu sekunde moja ni fremu 25), ndipo ukate. Ya nne ndiyo kubwa: unakata kwenda wapi? Si kwa mjane aliyesema. Kwa shemeji aliyesikia. Godoro bado kichwani, uso unatafuta jibu. Kaa hapo sekunde mbili kamili. Kicheko cha mtazamaji kinatokea ndani ya hizo sekunde mbili, na ukiweka sauti ya mchezo wa watoto juu yake umemfanyia kazi yake na hatacheka.

Kwa hiyo unapopiga, usiseme "kata" neno likiisha. Hesabu kimyakimya mpaka tano. Hizo sekunde tano za mwisho ndizo nusu ya montaji ya vichekesho.

Sasa tamthilia. Realizateri wa sketi anafikiri tamthilia ni kulia, na muziki, na uso mkubwa kwenye skrini. Siyo. Ni ileile sini, ileile sheria ya kukata kwa anayesikia, ila unamnyima mtazamaji nafasi ya kucheka kwa kubadilisha vitu vitatu: umbali, sauti, na anayetazama. Nitarudi hapo.

Kuhusu mambo ya fundi: fremu 25, shata (muda wa kufunguka kwa kila fremu) sekunde 1/50. Umeme wetu ni Hz 50, ukiweka 1/60 neoni za dukani zitapepesa kwenye picha. Grupu ya zamani ikipungua mwendo, Hz zinashuka na kupepesa kunarudi hata ukiwa umeweka sawa, kwa hiyo tumia grupu ya inverta au piga karibu na dirisha.

Nafasi ya faili: HD kwa Mb 50 kwa sekunde ni GB 22.5 kwa saa. Ukirekodi saa mbili na nusu kwa siku ni GB 56. Siku 68 ni karibu TB 3.8 kwa kamera moja. Kwa kila kamera, diski mbili za TB 4, zenye nakala ileile, zikae nyumba mbili tofauti. Kadi haifutwi mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kutazamwa. Kuona jina la faili hakutoshi. Sauti ya mwisho ishushwe kwenye -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama televisheni haikukupa namba nyingine, na maneno yasikike kwenye spika ya simu, maana wengi watasikilizia huko.

Taa na Kivuli

Nyongeza fupi kuhusu kamera mbili zisizolingana. Watu wanaipa kamera ya kawaida plani pana. Geuza. Plani pana ina majani, bati, waya, vitu vidogo vingi, na hapo kamera dhaifu inaonekana. Ipe uso mmoja wenye mwanga mzuri, itajitahidi. Rangi zote mbili weka kwa namba, mfano Kelvin 5600 (kipimo cha rangi ya mwanga) nje, isiwe otomatiki hata mara moja.

Mwanga wa vichekesho na mwanga wa tamthilia hauna sheria moja. Mwaka 1951 Marekani, mpiga picha Karl Freund alipopewa kazi ya kupiga vichekesho vya Lucille Ball kwa kamera tatu za filamu kwa pamoja mbele ya watu, ilibidi atandaze mwanga sawa kwenye jukwaa zima, juu, ili kamera yoyote ipige pande zote bila kusimamisha mchezo. Mwanga bapa wa vichekesho vya studio unatoka hapo: ni gharama ya kamera nyingi. Wewe mwenye kamera mbili unaweza kufanya hivyo kwa sini za lupango, ukitumia kivuli cha ukuta na shuka jeupe la kurudisha mwanga. Kwa sini za mjane zima taa mbili, baki na moja ya pembeni, piga kwa kamera moja.

Na mezani: vichekesho, acha upande mmoja wa meza wazi, watu sita wakae pande tatu, kamera zote ziwe upande ule wazi. Hapo huvuki mstari wa macho (ule wa kufikirika kati ya wanaotazamana) hata ukichoka. Tamthilia, wakae pande zote nne, ila chagua wawili wanaogombana, chora mstari kati yao, ubaki upande mmoja wa mstari huo mpaka sini iishe.

Fundi wa Kamalondo

Kijana aliuliza pia njia ya kazi yenyewe, tusiiache.

Kuna milango mitatu. Mmoja ni uigizaji. Akissi Delta wa Côte d'Ivoire alikuwa mwigizaji, akaja kuongoza mfululizo wake mwenyewe miaka ya 2000, na nyumba nyingi za hapa ziliutazama. Wa pili ni jukwaa: James Burrows wa Marekani alianzia kwenye michezo ya jukwaani, akafika kuongoza zaidi ya episodi 1000 za televisheni, na anajulikana kwa kusikiliza mchezo kuliko kuutazama kwenye skrini. Wa tatu ni ngazi za ndani: Pamela Fryman alipita kwenye tamthilia za kila siku kwanza, vichekesho vikafuata. Huyo wa tatu namtaja makusudi, kwa sababu watu wanadhani vichekesho ni darasa la chini na tamthilia la juu. Tamthilia ya kila siku inafundisha kasi na nidhamu, na vichekesho bila nidhamu havifiki episodi ya tano.

Hapa kwetu, anayetaka kuongoza apite kwanza miezi sita kwenye montaji ya kazi za wengine. Hapo ataona plani zinazokosekana, na atajifunza kuziomba akiwa uwanjani. Kisha awe asistenti: anaandika karatasi ya siku, saa ya gari, saa ya mavazi, saa ya klapu ya kwanza, sini kwa namba, nani anakula saa ngapi. Asistenti anayefanya klapu ya kwanza ipigwe saa mbili na nusu asubuhi ilivyoandikwa, huyo televisheni inamkumbuka.

Cha kuonyesha unapoomba kazi: dakika tatu za vichekesho na dakika tatu za watu wawili wanaozungumza bila kichekesho chochote. Hizo za pili ndizo zinaamua.

Mkataba: usianze kupiga kwa neno la mdomo. Sheria ya haki za watunzi ipo, Ordonnance-loi nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Kwenye karatasi yako iandikwe: televisheni inarusha mara ngapi, eneo gani, nani ana haki ya kuweka kwenye YouTube, nani anashika faili za asili, jina la realizateri na la waandishi linakaa wapi kwenye majina ya mwisho. Pesa igawanywe mara tatu: kwenye sahihi, siku ya kwanza ya kupiga, na kukabidhi. Sehemu ya mwisho ikiwa kubwa kuliko zote, utamaliza kazi kwa kukopa. Wachezaji nao wasaini, kila mmoja, pamoja na mtoto kupitia mzazi wake.

Kijana wa Ruashi

Aksanti yaya. Yaya Montaji, ulisema utarudi kwenye godoro. Hiyo sini ndiyo iko kwenye mpango wetu, episodi ya 2. Kwenye episodi ya 11 shemeji anarudi kulala moja kwa moja, na wachezaji kwenye mazoezi wanaendelea kuchekesha.

Montaji ya Usiku

Nimerudi. Wanachekesha kwa sababu wamesimama palepale na umbali uleule. Badilisha hivi.

Umbali: episodi ya 2 kamera ilikuwa mita tano, lenzi pana. Episodi ya 11 kamera iwe ndani ya nyumba, mita moja na nusu kutoka kwa mtoto wa kike aliye dirishani, lenzi ya milimita 50 au 85. Shemeji na godoro wanaonekana nje, hawako wazi, wanapita tu nyuma ya kichwa chake.

Sauti: hakuna anayesema. Mjane ana ufagio uleule. Mama Pershi arekodi ufagio peke yake, karibu, dakika moja, kwenye udongo mkavu. Ufagio unafagia, geti linalia, ufagio unasimama. Hapo hapana muziki.

Anayetazama: katika episodi ya 2 tulikata kwa shemeji. Sasa usikate kwake hata mara moja. Kaa kwa mtoto mpaka asikie godoro limetupwa sebuleni. Kishindo cha godoro ni kizito na kifupi. Kirekodiwe kwenye sakafu ya simenti, si kwenye kapeti.

Mazoezi: wafanye sini nzima kwa kunong'ona mara mbili, kisha bila maneno kabisa mara mbili. Mchezaji wa jukwaani akinyang'anywa sauti, mikono yake inapungua yenyewe. Yule wa shemeji mwambie kazi moja tu: apitishe godoro mlangoni bila kugusa picha ya kaka yake iliyotundikwa ukutani. Asicheze huzuni wala ubaya. Ahangaike na mlango.

Piga mara tatu, isizidi nne. Na ile picha ukutani, skripti aangalie iwe imetundikwa palepale tangu episodi ya 1.

Skripti wa Katuba

Nimeandika. Msumari uwe na alama ya penseli nyuma ya fremu, ikishushwa kwa ajili ya taa irudi kwenye shimo lilelile.